Usigawe nafasi yote siku ya kwanza

Ukikabidhiwa seva yenye diski mbili mpya, mikono itakuwasha uziunganishe na kugawa nafasi yote papo hapo. Subiri kwanza. Kwenye Linux, LVM (zana ya kusimamia nafasi za diski) ina tabaka tatu: diski zenyewe, kundi linalozikusanya, na voliumu unazokata kutoka kwenye kundi hilo. Nafasi ambayo hujaigawa ndiyo akiba yako.

Tuseme kundi linaitwa `data` na lina TB 2. Hifadhidata ipe GB 300, logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) GB 50, nafasi nyingine iache ilivyo. Logi zikijaa, `lvextend -r -L +50G /dev/data/logi` inamaliza kazi huku watu wakiendelea kutumia mfumo. Hiyo `-r` usiisahau. Bila hiyo voliumu inakua, lakini mfumo wa faili unabaki na ukubwa wake wa zamani, na `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi iliyopo, itakuonyesha namba zilezile za jana.

Kupunguza ndiko kugumu. Mfumo wa faili wa ext4 hupunguzwa ikiwa umeshushwa kwa `umount`, yaani hautumiki. XFS, mfumo mwingine wa faili, ndiyo usiseme: utahamisha data, uiunde upya, kisha urudishe. Kwa hiyo anza kidogo, uongeze kadiri mahitaji yanavyokuja.

Halafu usidanganyike na neno kundi. Voliumu iliyotandazwa juu ya diski mbili bila RAID (kinga ya diski moja kufa) ni hatari kuliko ya diski moja, maana ikifa yoyote kati ya hizo, mfumo mzima wa faili umeingia mashakani. Unataka kinga? Unapounda voliumu tumia `--type raid1`, inayoweka nakala ya data kwenye kila diski, ukubali TB 2 zako kubaki 1. Haja ya bakapu bado iko palepale: mtu akikosea `rm -rf` (amri ya kufuta), RAID inafuta pande zote mbili kwa utiifu kabisa.

Kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa seva inapowaka, diski isiyo ya LVM itaje kwa UUID (kitambulisho chake cha kudumu), kwa sababu `sdb` ya leo yaweza kuwa `sdc` ukiwasha upya. Diski isiyo ya lazima iwekee `nofail`, ili seva iwake hata ikikosekana, kisha jaribu `mount -a`, inayopachika zilizomo kwenye faili hilo, kabla ya kuzima chochote. Seva ikigoma kuwaka nayo iko mji mwingine, utaanza kumbembeleza mlinzi akuchomekee kibodi.

Diski ikianza kulalamika kwenye `smartctl`, zana ya kupima afya ya diski, hakikisha bakapu ipo, kisha `pvmove /dev/sdb` huhamisha vilivyomo kwenda diski nyingine za kundi, mradi zina nafasi tupu ya kutosha. Ikiisha, itoe kwenye kundi kwa `vgreduce`, ndipo uichomoe. Umeme ukikatika katikati, andika `pvmove` peke yake, itaendelea ilipoishia.