Maswali ya wasomaji: eti bakteria wameshajua kutengeneza vanila, tung'oe?

Ndaga fijo kwa safu yenu. Nina vanila chini ya migomba huku Kyela, maua nayachavusha mwenyewe asubuhi kwa kijiti. Kijana wangu anasoma chuo Mbeya mjini, kaniambia Wazungu wameshawafundisha bakteria kutoa harufu ya vanila kwenye tanki, sisi hawatuhitaji tena. Ning'oe niongeze kakao au? – Mama J, Kyela

Ngoja kwanza mama, hilo panga weka chini. Kijana hajakudanganya ila kakupa nusu ya stori. Harufu ya vanila sehemu kubwa inatokana na kitu kinaitwa vanilini, na kilo nzima ya vanila iliyokaushwa vizuri ina kama gramu 20 tu, mara nyingi pungufu. Wajerumani Tiemann na Haarmann walishaitengeneza bila shamba tangu 1874, na leo nyingi inatoka kwenye malighafi ya petroli, ile ya shambani haifiki hata asilimia 1 ya vanilini yote duniani. Kwa hiyo mpinzani ulikuwa naye siku zote, bakteria kaja kugombana zaidi na yule wa petroli.

Sasa wanafanyaje. Mimea, bakteria na hamira wana njia inaitwa shikimeti, wanachukua sukari wanaipitisha hatua kwa hatua mpaka inakuwa vitu vyenye pete ya kaboni 6, ndo wakemia wanaita aromatiki, na vanilini ni mojawapo. Wewe na mimi hatuna njia hiyo, ndo maana fenilalanini (kijenzi kimoja cha protini chenye pete hiyo) lazima tuile kwenye maharage na samaki. Na kama umewahi kupulizia glaifosati (dawa ya kuua magugu, ile wengi mnaiita Roundup hata kama kopo limeandikwa jingine) basi uliua majani kwa kuziba hatua moja ya njia hiyohiyo. Hawa wataalamu wao wanaifungulia. Shida bakteria ni mbahili, akiona fenilalanini imemtosha anafunga koki ya kule mwanzo kabisa, so wanabadilisha jeni ya kimeng'enya cha mwanzo (protini inayoendesha hatua hiyo) kisipokee tena ile amri ya kufunga, halafu wanampandikizia jeni za viumbe wengine zinazogeuza kilichojaa kuwa vanilini.

Rahisi kusema. Mwaka 2009 walipandikiza jeni za namna hiyo kwenye hamira ya mikate na nyingine inaitwa Schizosaccharomyces pombe, ambayo kiukweli ilitoka kwenye pombe ya nafaka ya huku kwetu Afrika Mashariki miaka ya 1890, wakapata miligramu 65 tu kwa lita kwa ile iliyofanya vizuri zaidi. Kikwazo kimoja ni kwamba vanilini ikizidi inamuua mdudu mwenyewe anayeitengeneza. Dawa yake wameiga kwenye mmea wako, yaani wanaiunganisha vanilini na sukari isimdhuru. Si unajua vanila mbichi hainukii mpaka uitie maji ya moto na kuifunika itoe jasho? Ndo hapo ile sukari inabanduka.

Ila kinachotakiwa kukunyima usingizi kidogo mama ni pumba za mchele. Ndani yake kuna asidi feruliki, na kuna bakteria, Amycolatopsis, wanaigeuza kuwa vanilini zaidi ya gramu 10 kwa lita, hii ni biashara kabisa siyo maabara tu. Na kwa kuwa imeanzia kwenye pumba ikamalizwa na mdudu, Ulaya sheria inawaruhusu kuiita ya asili. Huyo ndo anakusogelea wewe, maana anauza neno lilelile unalouza wewe kwa bei ndogo. Ila ladha ikiitwa ya asili ya vanila, kulekule Ulaya lazima angalau asilimia 95 ya hicho kiungo itoke kwenye vanila yenyewe, na vanila ina mamia ya vitu vya harufu, vanilini ni mmoja tu. Ningekuwa mimi nisingeng'oa, ila nisingeuza mbichi kwa dalali, ningekausha mwenyewe au na kikundi na kuitafutia mnunuzi anayetaka vanila nzima. Na kakao iache ilipo, Kyela bila kakao tutaongea nini.

Kamwene! Huku Mufindi maranda na mabanzi ya paini yanachomwa tu. Nimesikia yanaweza kutoa harufu za pesa, ni kweli? – Mchana mbao

Kamwene ndugu. Kweli, na pete za aromatiki kwenye mti zimejaa ndani ya lignini, ile gundi inayoufanya mti usimame. Norway, kampuni ya Borregaard inatoa vanilini kwenye mti wa sprusi miaka na miaka, ila kwa kemikali siyo vijidudu. Kwa vijidudu, 2013 watu wa Chuo Kikuu cha Warwick kule Uingereza walichukua bakteria anayekula lignini, Rhodococcus jostii, wakafuta jeni inayomfanya aimalize vanilini, wakamlisha majani ya ngano, akatoa miligramu 96 kwa lita baada ya siku 6. Hiyo hailipi hata mafuta ya chenso. Lignini ni ngumu, imeungana hovyohovyo, kuikata vipande sawa ndo kazi yote. Kwa sasa maranda wauzie wenye mabanda ya kuku usisubiri bakteria.

Hivi nikila aiskrimu yenye hiyo vanilini nakula GMO? – Mwanachuo, Iringa

GMO ni kiumbe kilichobadilishwa jeni, na vanilini siyo kiumbe: ni ileile, molekuli haina jeni, mdudu anachujwa anabaki kiwandani. Na wa pumba wengine hawajapandikizwa chochote, wamechaguliwa tu. Chuo cha Edinburgh 2021 waliitoa hata kwenye plastiki ya chupa za maji kwa kutumia bakteria aitwaye E. coli, hiyo bado ni maabara na haijafika kwenye aiskrimu yako.