Usilipe hilo bango la mbegu kabla fremu haijafunguliwa

Mkuu SIMAMA hapo hapo. Umesema bango la zamani la kampuni ya mbegu ya Rice's Seeds, lenye kabichi, muuzaji anataka dola mia tano na fremu hataki kuigusa eti karatasi itachanika. Hayo hayo niliambiwa mimi na mzee mmoja wa duka la vitu vya kale huku New York. Mzee mstaarabu kinoma, akanikaribisha chai, akanipigia stori za mfanyabiashara wa mbegu D. M. Ferry wa Detroit na masanduku ya mbegu yaliyokuwa yanawekwa kwenye maduka ya vijijini enzi hizo, mi natikisa kichwa tu kama msomi. Nikatoa dola mia sita. Kufika home nafungua, ule ukahawia wa "uzee" umeishia pale pale fremu ilipoanzia, pembeni karatasi nyeupe pee. Walipaka chai! Nadhani mimi na lile bango tulihudumiwa birika moja. Kurudi dukani ananionyesha risiti, imeandikwa "bango la mapambo". Tapeli mkubwa yule, na tabasamu lake.

Sasa sikia. Mabango ya miaka ya 1880 na 1890 yalichapwa kwa mawe ya chokaa, kila rangi na jiwe lake, na fundi alikuwa anadonoa nukta kwa mkono, kwa hiyo ukiweka lenzi ya kukuzia unaona nukta zimekaa ovyo, kubwa kwa ndogo, na saa nyingine rangi moja imechungulia nje ya mstari. Kopi za kisasa nyingi ni rangi nne tu, nukta zimejipanga kama vimaua, kwa mpangilio ule ule. Halafu mulika na ile taa ya kukagulia noti, karatasi ya kisasa mara nyingi inawaka bluu, ya zamani inabaki imefifia tu. Ila lenzi inatakiwa iguse karatasi, na taa ukipitishia kwenye kioo itakudanganya, ndo maana nasema FREMU IFUNGULIWE. Na usije ukaniambia chini kuna mwaka na jina la mchapaji, hivyo navyo si vinakopiwa pamoja na kabichi!

Habari za kusafirisha mpaka Dar utajua mbele ya safari. Akikubali kufungua, nirushie picha za karibu za pembeni na za nyuma nikuangalizie. Akikataa sepa.