Mishipa imetuna mguuni, nikiifunga damu itapita wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni msusi, nashinda nimesimama. Tangu nijifungue mtoto wa tatu nina mishipa imejikunjakunja nyuma ya goti la kushoto inashuka mpaka kwenye shavu la mguu, jioni mguu unakuwa mzito kweli na usiku nabanwa na misuli mpaka naamka. Jirani anasema ni damu chafu nikachanjwe itoke. Mwingine kaniambia kuna leza wanaufunga mshipa, sasa wakishaufunga damu si itakosa pa kupita?

JIBU: Marahaba dada. Hiyo ya damu chafu achana nayo kabisa, na mtu asikuguse na wembe hapo, mshipa wa hivyo ukikatwa unamwaga damu balaa.

Iko hivi. Vena ndizo zinarudisha damu kwenye moyo, na ukiwa umesimama lazima ipande juu. Ndani kuna vali, vilango vidogo vya kupandisha tu, na kila ukipiga hatua msuli wa shavu la mguu unakamua damu inapanda. Ukisimama tuli nyuma ya mteja huo msuli umelala. Presha ndani ya vena za mguuni ukisimama bila kutembea inafika kama 90, kwa kipimo kilekile cha presha ya mkononi, ukitembea inashuka chini ya 30, na hapo nazungumzia mtu ambaye vali zake ni nzima. Za kwako inaelekea zimelegea, damu inarudi chini inajaa. Mimba zimechangia, kazi inazidisha, ila muulize na mama kama anayo maana hii kitu inarithiwa sana.

Sasa sikiliza, huo mshipa unaouona mara nyingi sio chanzo, vali mbovu inaweza kuwa juu huko kwenye kinena. Kwa hiyo kabla ya chochote fanya ultrasaundi ya mishipa ya miguu, tena ukiwa umesimama: mpimaji anaminya shavu la mguu anaachia, anaangalia damu kama inarudi chini, ikirudi zaidi ya nusu sekunde hapo vali haifungi. Anayekupangia leza bila kukupima hivyo mimi simwamini.

Leza yenyewe haina makuu. Unachomwa ganzi, waya mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa, joto linaufunga, unatembea siku hiyohiyo. Mishipa midogo inachomwa sindano ya dawa inayoifunga, na upasuaji wa kuuchomoa bado upo. Damu haikosi njia, sehemu kubwa inapita kwenye vena za ndani katikati ya misuli, huo wa karibu na ngozi ulioharibika ulikuwa unairudisha chini tu. Ila kama bado unataka mtoto, subiri umalize kuzaa, mimba inaweza kuleta mingine, na hata bila mimba baada ya miaka inaweza kutokea mipya.

Kwa sasa vaa soksi za kubana, asubuhi kabla hujashuka kitandani, ukichelewa mguu umeshajaa utahangaika kuzipandisha. Haziponyeshi, zinashikilia tu. Mwenye kisukari au ateri za miguu zilizoziba, yaani mishipa inayoleta damu mguuni kutoka kwenye moyo, apimwe kwanza kabla ya kuzivaa. Na hapo kwenye kusuka, nyanyuka kwa vidole mara kwa mara, ukirudi nyumbani lala miguu iwe juu kuliko kifua.

Ngozi ikianza kuwa nyeusi au ngumu karibu na kifundo nenda haraka, hapo ndipo vidonda visivyopona vinapoanzia. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usiukande, inaweza kuwa damu imeganda ndani, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama kifua kinabana au pumzi inakata usisubiri hata dakika. Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, halafu ndio uite mtu akupeleke.