Maswali ya wasomaji: Kuchora gitaa kwa mkono

SWALI: Nina gitaa la umeme, bodi yake nyeusi inayong'aa. Nataka kulichora ndege na samaki kwa mtindo wa Tingatinga, kwa rangi ya mafuta ya kopo, halafu fundi wa magari alipulizie kilia (vanishi angavu ya magari). Mwenzangu anasema rangi itakunjamana. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kweli. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, ikianzia juu. Siku ya pili hainati kidoleni, lakini chini bado ni laini. Thina kali ya kilia ikipenya, huivimbisha, na samaki wako wanakuwa na makunyanzi kama utandu wa maziwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, aliipaka rangi ya aina hiyo kwenye hadibodi, na picha ya ukutani haisuguliwi na mkono wenye jasho. Gitaa linahitaji kilia, kwa hiyo chora kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Mtindo utabaki uleule.

Toa nyuzi, shingo, daraja na pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi). Nyaya zipige picha kabla hujazifungua. Rangi ya kiwandani usiibandue. Magitaa mengi ya bei nafuu yana rangi ya poliesta nene na ngumu, na huo ni msingi mzuri kuliko utakaoutengeneza mwenyewe. Ifute kwa tapentaini kabla ya kushika msasa: polishi yenye silikoni ikisambazwa na msasa, kilia itakuja kujitenga na kuacha vijishimo. Kisha sugua kwa msasa namba 400, mkavu, mpaka mng'ao wote upotee. Panapong'aa ndipo patakapobanduka.

Ziba kwa tepu ya karatasi pale shingo inapokaa. Rangi ikijaa humo, shingo haikai sawasawa.

Piga praima (rangi ya msingi) nyeupe, maana njano na nyekundu hazifuniki weusi, halafu rangi moja ya usuli, mikono (matabaka) miwili myepesi. Sasa chora. Hapa wengi huharibu: yale madoadoa ya Tingatinga yanapendeza yakiwa yamevimba, lakini wakati wa kusawazisha kilia msasa huyafikia kwanza na kuyakwangua hadi kwenye praima. Yapake kwa rangi iliyolainishwa kwa maji kidogo, yalale bapa.

Kwa unyevu wa pwani, acha wiki nzima kabla ya kilia. Mikono miwili ya kwanza iwe ya vumbivumbi tu, kisha mitatu au minne iliyoshiba. Kilia inayochanganywa na hadna (kigumisho) ina aisosianeti, ambayo huumiza mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kwa hiyo mwachie fundi mwenye barakoa ya kemikali. Baada ya wiki mbili sugua kwa maji, namba 1000, 1500, 2000, kisha polishi ya kusugulia. Matundu ya skrubu yazibe kwanza kwa nta ya mshumaa. Maji yakiingia, mbao huvimba na kilia hupasuka kuzunguka tundu.

SWALI: Langu ni gitaa kavu, lisilo la umeme. Nifanye hivyohivyo? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hapana. Ubao wa mbele ndio unaotoa sauti, na unene wake ni kama milimita 3 tu. Praima, rangi na kilia juu yake huuzuia kutikisika. Chora mgongoni na ubavuni upendavyo. Mbele, tosheka na ua jembamba kuzunguka tundu la sauti au ukingoni, bila praima. Daraja limegundishwa kwenye ubao, usilibandue; ubao wa vidole usiuguse kabisa.

SWALI: Nilichora kwa kalamu za Posca, nikapaka vanishi ya maji kwa brashi, mistari yote ikachafuka. Kwa nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Wino wa Posca nao ni wa maji, kwa hiyo vanishi iliulowesha na brashi ikauburuta. Pulizia vanishi ya kopo kwanza, mikono miwili hafifu, kila mmoja ukauke. Jaribu kwenye kipande cha ubao uliochorwa kwa kalamu zilezile, hasa nyeusi na nyekundu.