Kivumbasi kile kile, harufu mbili: ni udongo au ni mbegu?

SWALI: Habari dokta. Niko Mbagala, nakamua mafuta ya kivumbasi kwa mvuke. Majani ya Kisarawe yananipa harufu ya karafuu kabisa, ya Bagamoyo yananukia kama dawa ya kusukutua. Mtambo ule ule, muda ule ule. Udongo ndo unafanya hivi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mtambo wako hauna kosa. Hakikisha kwanza ni mmea mmoja, maana jina kivumbasi tunawapa ndugu kadhaa wa rihani, kuna Ocimum gratissimum kile kichaka kinachofika kimo cha mtu, kuna Ocimum americanum kale kafupi. Kausha tawi lenye maua katikati ya magazeti upeleke herbariamu, yani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu pale Mlimani.

Ikiwa zote ni gratissimum basi umekutana na kemotaipu, yani mimea ya spishi moja, kwa macho huwezi kuitofautisha, ila mafuta yake yamebeba kemikali tofauti. Gratissimum inajulikana kwa hilo, ipo yenye eugenoli nyingi, ile ile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na ipo yenye thaimoli, hiyo ndo inanukia kama dawa ya kusukutua. Chukua lenzi ya mkono uangalie jani, utaona vitone vidogo vinang'aa, humo ndo mafuta yanatengenezwa na vimeng'enya, na vimeng'enya vinafuata jeni. Jeni chache tu zikitofautiana harufu nzima inageuka.

Udongo, mvua, umri wa jani vinabadilisha zaidi wingi wa mafuta na vipimo vyake, ila kuigeuza karafuu kuwa thaimoli, hapana. Mazingira kazi yake kubwa ni kuchagua nani abaki. Kusini mwa Ufaransa, karibu na Montpellier, kuna mimea ya thaimu, kile kiungo cha majani, imechunguzwa tangu miaka ya 1970, kwenye bonde ambako baridi ya kuganda inatuama wanabaki wa linaloli, kemikali nyingine ya harufu, na wenzake, ukipanda vilimani mwendo mfupi tu unawakuta wa thaimoli, ambao barafu inawaua. Na sasa baridi kali imepungua, wa thaimoli wameanza kushuka bondeni! Mi hiyo habari kila nikiifikiria inanigusa, maana vichaka vyetu vya pwani navyo vina historia yao na tunavifyeka kabla hatujaisoma.

Sasa fanya hivi, kata vipandikizi vya vichaka kumi hivi kila eneo, vilivyoachana mbali, uvipande shamba moja kwa kuvichanganya, vikikomaa vuna siku moja, kamua kila kimoja peke yake. Harufu zikiendelea kutofautiana, hiyo ni jeni, hapo ndo ulipie kipimo cha gesi kromatografia maabara, kinachotenganisha kemikali za mafuta moja moja. Ukishapata unachotaka zalisha kwa vipandikizi, mbegu zitakuchanganyia tena. Lakini usijaze shamba zima watoto wa kichaka kimoja, ugonjwa ukiingia unaondoka na vyote, na kule porini using'oe, kata matawi tu.

Kwa sasa kila chupa iandike eneo na tarehe, na usiyachanganye hayo mafuta.