Mstari Hafifu, Matone ya Damu na Maswali Mengine ya Wiki za Mwanzo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliojua juzi tu kwamba wanatarajia mtoto. Wana furaha, lakini furaha yenyewe wanaishika kwa ncha za vidole. Majibu yameandaliwa na mkunga na daktari wa wanawake wa safu hii. Majina tumeyaacha.

Nimepima mkojo nyumbani mara mbili. Mstari wa pili upo lakini umefifia mno, mume wangu anasema yeye hauoni. Siku zangu zimechelewa siku 3. Nina mimba au sina? Na kama ninayo, nina wiki ngapi?

Dada, mstari hafifu ni mstari. Ukiwa na rangi na ukajitokeza ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ambao kwa vipimo vingi ni dakika 3 hadi 5, karibu kila mara maana yake ni mimba. Kipimo kinatafuta homoni ya ujauzito, hCG. Mwili huanza kuitoa yai lililorutubishwa likishajipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, yaani siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kupevuka. Mwanzoni ni kidogo sana, kisha huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Aliyejipandikiza mapema na aliyechelewa wanaweza kuona mistari tofauti siku ileile, na wote mimba zao ziko sawa.

Kinachopotosha wengi ni kukirudia kipimo baada ya nusu saa na kukikodolea macho kwenye mwanga. Kivuli cha kijivu kisicho na rangi kilichojitokeza baada ya dakika 10 ni alama ya mkojo uliokauka, usikihesabu. Kosa jingine ni kunywa maji mengi kabla ya kupima, kwa kuwa mkojo ukizimuliwa na homoni inazimuliwa. Subiri siku 2 au 3, angalia tarehe ya mwisho ya kutumika, kisha pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukishapata jibu, acha. Kupima kila siku ili kulinganisha wekundu wa mistari hakukuambii kama mimba inakua, maana vipimo hivyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Umeuliza pia una wiki ngapi. Hesabu huanza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ingawa siku hiyo mimba haikuwapo. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 huwa na wiki 4 siku ileile hedhi inapokosekana. Kupata tarehe ya makadirio ya kujifungua, ongeza siku 7 kisha miezi 9: hedhi iliyoanza tarehe 1 Machi inaleta tarehe 8 Desemba. Kama mzunguko wako ni wa siku 35, yai lilipevuka wiki moja baadaye kuliko la mwenye siku 28, basi isogeze tarehe hiyo mbele kwa wiki moja. Likumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo chanzo cha hofu ya barua ya tatu.

Nina wiki 7. Tangu jana naona matone ya damu ya kahawia nikijifuta, na tumbo linavuta kama la hedhi. Mama mkwe ameniambia nilale kitandani nisiinuke. Je, mimba inatoka?

Pole sana, dada. Huenda inatoka, huenda haitoki, na hakuna anayeweza kukuambia kwa kuiangalia damu. Takriban mwanamke 1 kati ya 4 huona damu katika wiki 12 za kwanza, na wengi wao hujifungua watoto wazima. Rangi ya kahawia maana yake ni damu iliyokaa kidogo kabla ya kutoka. Chanzo kinaweza kuwa mlango wa kizazi, ambao wakati wa ujauzito huwa na mishipa mingi laini inayovuja kirahisi baada ya tendo la ndoa. Kinaweza kuwa maambukizi, au damu iliyojikusanya pembeni ya mfuko wa mimba na sasa inajitafutia njia. Kuvuta kwa tumbo kusikozidi maumivu ya hedhi, kunakokuja na kuondoka, ni kwa kawaida pia.

Kuhusu kulala kitandani: ushauri wa mama mkwe umetoka kwenye mapenzi, ila hauzuii mimba kuharibika. Kulala siku nyingi bila kuinuka humwongezea mjamzito hatari ya damu kuganda miguuni. Fanya kazi zako nyepesi kama mwili unavyoruhusu, ahirisha tendo la ndoa hadi damu ikatike, na tumia pedi badala ya kitu chochote kinachoingizwa ukeni, ili uweze kuona kiasi. Andika saa uliyobadilisha pedi, imeloa kiasi gani, na rangi yake. Maelezo hayo humsaidia mhudumu kuliko neno "nyingi", ambalo kila mtu ana kipimo chake.

Nenda kliniki ndani ya siku 1 au 2 upimwe kwa ultrasaundi. Mapigo ya moyo yakionekana, uwezekano wa mimba kuendelea ni mkubwa. Uulize kundi lako la damu pia: kama ni hasi (Rh hasi, kwa mfano O- au A-), mhudumu ataamua kama unahitaji sindano ya anti-D, inayouzuia mwili wako kujenga kinga dhidi ya damu ya mtoto, ambayo hutolewa ndani ya saa 72. Na kama umewahi kupoteza mimba kabla ya hii, mwambie daktari waziwazi. Mwongozo wa Uingereza tangu 2021 unapendekeza vidonge vya projesteroni, homoni inayotegemeza mimba, vya ukeni, miligramu 400 mara 2 kwa siku, kwa mwenye damu ya mapema aliyewahi kupoteza mimba, mradi mimba ionekane ndani ya mfuko wa uzazi. Si dawa ya kila anayeona matone, wala si ya kujinunulia.

Sasa soma hapa polepole, na umsomee mwenzio. Ziko dalili zisizosubiri kesho, hata kama ni saa 8 usiku:

- maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo;
- maumivu kwenye ncha ya bega, hasa ukilala;
- kizunguzungu, jasho baridi au kuzirai;
- damu inayolowesha pedi 2 kubwa kwa saa moja, kwa saa 2 mfululizo;
- homa ya nyuzi 38 au zaidi, au uchafu wenye harufu mbaya.

Tatu za mwanzo ndizo zinazotutisha zaidi. Katika kila mimba 100, 1 au 2 hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija. Mrija hauna nafasi ya kutanuka, hivyo hupasuka, na damu humwagikia ndani ya tumbo mahali usipoiona. Damu hiyo ikifika chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, maumivu husikika begani, mbali kabisa na chanzo chake. Ndiyo maana mtu humeza dawa ya maumivu na kulala, huku hali inazidi. Aliyewahi kupata mimba ya aina hiyo, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, aliyeugua maambukizi ya nyonga au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi asisubiri hata dalili. Aombe ultrasaundi mapema, wiki ya 6 hivi, ili ijulikane mimba imekaa wapi.

Kwa hesabu yangu nina wiki 7. Daktari ameona mfuko tu, hakuna mtoto wala mapigo. Ameniambia nirudi baada ya siku 10. Siku 10 ni nyingi, sili, silali.

Siku hizo ni ngumu, na hatutakuambia usiwe na wasiwasi. Tutakueleza kwa nini daktari wako amefanya sawa.

Kwa kifaa kinachopitishwa ukeni, mfuko wa mimba huonekana kuanzia wiki ya 5, na kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mdogo kabisa, chenye mapigo karibu na wiki ya 6. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo huchelewa kama wiki moja nyuma ya hapo. Sasa rudi kwenye ile hesabu ya hedhi. Ukiwa na mzunguko mrefu, au hukumbuki tarehe vizuri, au yai lilichelewa mwezi huo, wiki zako 7 za kalenda zinaweza kuwa 5 na nusu za kweli. Katika wiki ya 5 na nusu, mfuko mtupu ndio unaotarajiwa.

Madaktari wana kipimo cha tahadhari: mimba haitangazwi kuwa imeacha kukua hadi mfuko ufike milimita 25 bila kiinitete, au kiinitete kifike milimita 7 bila mapigo, kwa kifaa cha ukeni. Chini ya hapo ni kurudia baada ya siku 7 hadi 14. Uliza vipimo vyako ni milimita ngapi, viandikwe, na safari ijayo upimwe kwa kifaa kilekile. Usikubali kumeza dawa za kusafisha kizazi kwa picha moja yenye utata, labda kama kuna damu nyingi au hatari nyingine. Ukiona dalili tulizozitaja kwenye jibu lililotangulia, usingoje siku 10 zitimie.

Natapika tangu wiki ya 6. Vidonge vya madini ya chuma ndivyo vinanimaliza. Na rafiki yangu yeye kichefuchefu kilikata ghafla wiki ya 9, sasa ana hofu kuliko mimi.

Kichefuchefu huwapata takriban wajawazito 7 kati ya 10. Huanza wiki ya 5 au ya 6, hufika kilele wiki ya 9 hivi, na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16. Tumbo tupu hukizidisha, kwa hiyo weka kitu kikavu kando ya kitanda, ukile kabla ya kuinuka, kaa dakika 15, kisha simama. Kula kidogo kila baada ya saa 2. Kunywa katikati ya milo badala ya pamoja na chakula, tena kwa mafunda. Tangawizi husaidia baadhi. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara 3 kwa siku, ni hatua inayofuata, na ikishindikana daktari ana dawa za kuzuia kutapika zilizotumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Madini ya chuma yahamishie usiku, baada ya mlo mdogo. Yakizidi kukutesa, mwombe mkunga akuruhusu kuyasimamisha hadi tumbo litulie, lakini asidi ya foliki usiiache. Ukishatapika, suuza mdomo kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana tindikali hulainisha meno.

Jipime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Mwenye kilo 60 akipungua kilo 3, au mtu yeyote asiyeweza kubakiza hata maji kwa saa 24, au mwenye mkojo mzito wa rangi ya chai, anahitaji dripu.

Rafiki yako mwambie hivi: kichefuchefu hupungua kwa wakati wake, huja na kuondoka, na wengine hawakipati kabisa. Kukata kwake peke yake si dalili ya mimba kufa. Kama moyo haumtulii, ultrasaundi moja itajibu.

Mke wangu amepoteza mimba ya wiki 9. Siku 2 kabla alibeba ndoo ya maji, na usiku ule tuligombana. Anajilaumu, nami najilaumu. Ni sisi?

Hapana, kaka. Mimba za mwanzo zinazoharibika, kubwa ya sababu ni hitilafu ya kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi wa wazazi, iliyotokea yai na mbegu zilipoungana au muda mfupi baadaye. Mara nyingi kiinitete kilikuwa kimeacha kukua siku nyingi kabla damu ya kwanza haijaonekana. Ndoo na ugomvi vilikuta jambo limekwisha kutokea. Mimba 1 hadi 2 katika kila 10 zilizokwisha kugunduliwa hupotea hivi, na wengi wanaopoteza moja hufanikiwa inayofuata.

Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mimba kwa wiki 3 au 4. Kikizidi hapo, au damu na maumivu visipopungua, arudi hospitali. Yai linaweza kupevuka wiki 2 tu baada ya mimba kutoka, kwa hiyo kama hamko tayari, anzeni uzazi wa mpango mara moja. Mkiwa tayari, ni vyema kusubiri hedhi moja ili tarehe zihesabike. Akipoteza mimba 2 au zaidi, omba nyote wawili mfanyiwe uchunguzi. Na mwambie maneno haya ya ndoo kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama atalia.

Nimegundua nina mimba nikiwa tayari na wiki 8. Sikumeza foliki hata siku moja, na nilikunywa dawa za kichwa. Nimemharibu mtoto?

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu na wiki ya 6 ya hesabu yetu, ndiyo maana foliki hushauriwa kabla ya kushika mimba. Hata hivyo watoto walio wengi mno wa mama ambao hawakuwahi kuimeza huzaliwa bila kasoro hiyo. Anza leo, maikrogramu 400 kwa siku, na mgongo wa mtoto utaangaliwa kwa ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji miligramu 5, na dozi hiyo huandikwa na daktari.

Kama dawa ya kichwa ilikuwa parasetamoli, haina neno. Ibuprofeni na diklofenaki ziache. Dawa za kudumu, ziwe za kifafa, presha, kisukari au virusi vya UKIMWI, usizikate mwenyewe hata siku moja. Zichukue na maboksi yake uende nazo kliniki wiki hii, kabla ya wiki ya 12, pamoja na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Utapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Majibu yote yaandikwe kwenye kadi, na kadi ikae kwako.