Endrick hakuondoka mapema, Madrid ndo walimkalisha sana

Habari mhariri na wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii mmeuliza kama Endrick, yule straika kijana wa Brazil, aliharakishwa kwenda Real Madrid, kwamba labda angebaki Palmeiras, klabu yake ya kule Brazil, mpaka afikishe miaka 20 au 21 ndo atoke. Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi mnasema ndio, wazazi walitaka hela, klabu ikataka hela, mtoto akauzwa. Mimi nakataa kabisa na naomba nieleze kwa kirefu maana huyu dogo nimemfuatilia tangu ana miaka 15 na inaniuma kuona watu wanaanza kumuita galasa wakati hata miaka 20 hajafika.

Tuanze na hilo la wazazi. Endrick kazaliwa Julai 21, 2006, Taguatinga, kule pembeni ya Brasília. Baba yake, mzee Douglas, alikuwa anacheza mpira wa mtaani tu, hakufika kwenye soka la kulipwa, ila aliona mwanae ana kitu akawa anamrekodi anaweka video YouTube ili timu kubwa zimuone. Endrick mwenyewe kashasimulia kuwa akiwa mdogo kuna siku aliomba chakula ndani hakuna kitu, baba akalia, ndo dogo akamwambia atakuja kuwa mchezaji awatoe kwenye ile hali. Palmeiras walipomchukua akiwa na miaka 11 wakampa na baba yake kazi ya usafi pale klabuni ili familia iweze kuishi São Paulo. Sasa familia kama hiyo inaletewa ofa na Real Madrid, wewe unataka baba aseme hapana tusubiri miaka mitano? Goti la straika linaweza kwenda siku yoyote. Mimi ningekuwa yule mzee ningesaini siku ileile na nisingeona aibu.

Alafu kiwango alikuwa nacho, hakuna aliyembeba. Januari 2022 kwenye Copinha, yale mashindano makubwa ya vijana ya São Paulo, alikuwa na miaka 15 anacheza na watu waliomzidi miaka minne mitano, mabega mapana, ndevu zimeota, na bado yeye ndo akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Lile goli lake la tikitaka dhidi ya Oeste kama hujaliona litafute leo hii. Palmeiras walikuwa hawajawahi kubeba lile kombe hata mara moja, mashabiki wa timu pinzani walikuwa wanawaimbia uwanjani kabisa kuwa hawana Copinha, na mwaka ule wakalichukua kwa kumpiga Santos 4-0 fainali.

Oktoba 6, 2022 akaingia timu ya wakubwa dhidi ya Coritiba akiwa na miaka 16, hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kuichezea Palmeiras. Wiki chache baadae akafunga mbili na Athletico Paranaense. Disemba mwaka huohuo Real Madrid wakatangaza kuwa wamekubaliana na Palmeiras, euro milioni 35 na nyongeza zinazoweza kufika milioni 25 bado hujaweka kodi.

Na hapa ndo wenzangu wengi mmeteleza. Mnaandika kama vile dogo alipanda ndege kesho yake. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi kwenda klabu nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, na kwa mtu anayetoka Brazil kwenda Spain hazikumhusu. Kwahiyo ilibidi asubiri mpaka Julai 2024, yani baada ya kuuzwa alikaa Brazil mwaka na nusu mzima anacheza ligi ya wakubwa, na kwenye huo mwaka na nusu ndo kila kitu kizuri tunachokijua kuhusu yeye kilitokea.

Sio kwamba ulikuwa mwaka mwepesi. Mwanzo wa 2023 goli ziligoma kabisa, mechi inapita, nyingine inapita, magazeti ya kule yakaanza kuuliza hii milioni 60 ya nini, na dogo alikuwa analichukulia moyoni hadi machozi. Kocha Abel Ferreira, yule Mreno, akawa anamtoa anamrudisha, anamuweka benchi anampa nusu saa, kwenye mikutano na waandishi anawaambia wamuache mtoto akue. Wapo waliomlaumu Abel kwamba anambania. Mi naona alifanya kazi ya kocha, alimpumzisha bila kumtupa. Mwezi wa 8 Dudu, mshambuliaji mwenzake wa Palmeiras, akaumia goti, nafasi ikapatikana, na kuanzia Oktoba dogo akawa mtu mwingine.

Ile mechi ya Novemba 1, 2023 dhidi ya Botafogo kule Rio nadhani ndo mechi inayomueleza Endrick kuliko zote. Botafogo walikuwa wanaongoza ligi, kuna kipindi waliwahi kuwaacha wenzao pointi 13, na siku hiyo kufika mapumziko walikuwa wanaongoza 3-0 nyumbani kwao. Kipindi cha pili kimeanza tu dogo anachukua mpira anawapita mabeki anafunga, 3-1. Botafogo wanabaki pungufu kwa kadi nyekundu, alafu wanapata penati ya kuua mechi, Tiquinho Soares anapiga, Weverton kipa wa Palmeiras anadaka, na haipiti hata dakika mbili Endrick kaweka la pili. Kuanzia pale uwanja mzima ulijua nini kinakuja, Flaco López akasawazisha dakika ya 89 na Murilo akamaliza kwenye dakika za nyongeza, 4-3. Mtoto wa miaka 17 ndo aliwaamsha wakubwa wake na sio kwa goli tu, alikuwa anakimbilia mpira wavuni anaurudisha kati mwenyewe, anawahimiza watu wenye watoto nyumbani. Palmeiras wakabeba ubingwa, yeye ana goli 11 za ligi, na Botafogo wakamaliza wa tano.

Sasa niambieni, huyo ni mtu ambaye hakuwa tayari?

Timu ya taifa ni hivyohivyo. Kocha wa Brazil wakati huo, Fernando Diniz, alimuita Novemba ileile. Machi 2024 kocha aliyefuata, Dorival Júnior, akamuingiza sabu Wembley dhidi ya England, dakika ya 80 mpira ukamrudia mguuni, goli, Brazil ikashinda 1-0. Siku tatu baadae wapo Bernabéu na Spain, uwanja ambao alikuwa anajua ndo utakuwa nyumbani kwake baada ya miezi minne, akaingia na kufunga tena, ikaisha 3-3. Juni akawafunga Mexico dakika za mwishoni kabisa kwa kichwa. Hapo hajafikisha miaka 18.

Shida ilianza alipofika, na shida yenyewe haikuwa umri. Majira yaleyale ya 2024 aliyofika yeye ndo Mbappé pia alifika. Tazama tofauti yake na Vinícius, yeye alifika 2018 wakati Cristiano Ronaldo ndo kwanza kaondoka, nafasi ipo, kocha Solari alipopewa timu akaanza kumpanga, akakosa magoli mpaka watu wanamcheka lakini alikuwa anakosa akiwa uwanjani, na anayekosa akiwa uwanjani anajifunza. Endrick alikuta Mbappé, Vinícius, Rodrygo na Bellingham, wote wazima, wote wanataka kucheza kila mechi. Kocha Ancelotti akawa anamuingiza dakika za mwisho mwisho. Na bado! Mechi ya kwanza na Valladolid, kaingia, kafunga. Mechi yake ya kwanza ya Champions League na Stuttgart, kaingia, kafunga. Copa del Rey ambako ndo alipewa muda wa maana alifunga goli tano, mbili kati ya hizo na Celta kwenye muda wa nyongeza, ya mwisho kaipiga kwa kisigino, na kwenye nusu fainali akawafunga Real Sociedad nyumbani na ugenini. Msimu wote goli 7 kwenye mechi 37, watu wanaiangalia hiyo namba wanasema galasa, bila kuuliza kwenye hizo 37 alianza ngapi.

Mwezi wa 5 mwaka 2025 akaumia msuli wa paja, akakosa Kombe la Dunia la klabu, Gonzalo García akapata nafasi akafunga goli nne kule Marekani na akawa straika namba mbili wa Xabi Alonso, kocha wa Madrid wakati huo. Simlaumu Gonzalo hata kidogo, kaitumia nafasi yake. Nawalaumu waliokuwa wanapanga mambo pale Madrid, maana walishaona mbele yupo Mbappé, nyuma kaja Gonzalo, dogo anatoka kwenye jeraha, na bado wakambakiza, wakampa jezi namba 9, jezi ya heshima, ya kukalia benchi. Kuanzia Agosti mpaka Disemba hakufikisha hata dakika 100 uwanjani. Straika wa miaka 19!

Mifano ipo na wao wenyewe wanayo. Reinier walimnunua kutoka Flamengo 2020 kwa euro milioni 30, akazungushwa mikopo Dortmund, Girona, Frosinone, Granada, hakucheza hata mechi moja ya timu kubwa ya Madrid mpaka karudi Brazil. Vitor Roque ni hadithi ya jirani, Barcelona walimchukua Januari 2024, akapata dakika za kuokoteza, leo huyo karudi Brazil, Palmeiras hiyohiyo, na kule anapopangwa anafunga. Alafu chukua mfano wa upande wa pili. Ronaldo de Lima aliondoka Cruzeiro 1994 akiwa na miaka 17, mdogo kuliko Endrick alivyoondoka, lakini alienda PSV Eindhoven ambako alikuwa anaanza kila wiki, msimu wa kwanza tu akafunga goli 30 za ligi, ndo Barcelona wakaja. Kama tatizo ni kutoka mapema basi Ronaldo angekuwa wa kwanza kupotea.

Disemba 2025 ndo wakakubali kumpeleka Lyon kwa mkopo. Mechi ya kwanza kombe la Ufaransa na Lille, kafunga. Kabla Januari haijaisha kawapiga Metz goli tatu mechi moja. Mguu ni uleule wa kushoto, spidi ileile, na ile tabia yake ya kupiga shuti kabla kipa hajajipanga ipo vilevile. Kilichobadilika ni kwamba Jumapili ikifika anajua ataanza.

Ndo maana jibu langu kwa swali lenu ni hapana, hakuharakishwa. Alitakiwa apelekwe sehemu kama Lyon tangu Agosti 2024, wiki ileile aliyotambulishwa, acheze misimu miwili ndo arudi. Hiyo imeshapita. Kinachonitia wasiwasi ni mkopo ukiisha, maana kwa hizi goli Madrid watamtaka tena na Mbappé bado ana mkataba mpaka 2029. Wakimrudisha wawe na namba ya kumpa, na kama hawana basi wamuache Lyon msimu mwingine hata kama roho inawauma, au wamuuze kwa timu itakayompanga, na wenye kumshauri wasikubali kusaini chochote ambacho hakijaanza na swali la nani anakaa mbele yake.